Kitabu cha Atubga, Mchukuzi wa Burma

Baba mdogo Atubga alimvunja mkewe Teni mkono kwa sababu alipita nyuma yake bila kukohoa.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, Teni anawapelekea mbuzi maji, naye baba mdogo amechutama anachonga mpini wa jembe. Tulisikia mlio kama ukuni mkavu unaovunjwa, kisha kelele moja tu. Tulipofika uani alikuwa amemwekea Teni goti kifuani, panga limeinuka, na macho yake hayamwoni Teni. Yanamwona mtu mwingine. Baba yangu, ambaye ndiye kaka yake, alimwita jina mara tatu. Mara ya tatu panga likashuka. Akasogea pembeni akatapika.

"Kosa langu," Teni alisema jioni, mkono umefungwa vijiti. "Nilisahau kukohoa."

"Shemeji, mtu hakohoi kwake," baba akamjibu. "Jambo hili tumeliacha mno."

Mwaka huo ulikuwa wa kumi na moja tangu arudi kutoka vita vya wazungu huko Burma. Miaka yote hiyo alikula peke yake, kwenye kigae cha chungu, nje ya ukuta wa boma. Hakulala chumbani kwa Teni. Alilala chini ya ghala la mtama, mgongo ukutani, na watoto walijua kwamba ukitaka kumwamsha unarusha kijiwe kwanza. Muuza chumvi mmoja aling'olewa meno mawili kwa kumgusa bega. Mbwa wake mwenyewe alimrukia kwa furaha, baba mdogo akamkata shingo, kisha akakaa naye mapajani mchana kutwa, hataki mtu amchukue.

Ugonjwa wenyewe kila mtu aliujua. Kwetu Kulpeliga mtu aliyeua mtu lazima aoshwe. Asipooshwa, yule aliyemuua anamfuata, anakula naye, analala naye. Mwenye dawa ya kuosha alikuwa Mzee Nyaaba, na dawa yake ilikuwa na masharti mawili. Aambiwe ni wangapi, maana kila maiti ina sehemu yake. Na muuaji mwenyewe asiseme kwa kinywa chake kabla maji hayajamgusa. Akisema, wafu wanaishika sauti yake na hawamwachi tena. Anayesema ni yule aliyeona. Zamani hilo halikuwa gumu. Watu walipigana na kijiji cha pili, wote walikuwepo, wote waliona. Burma hakuna aliyekuwepo.

Siku aliporudi, Mzee Nyaaba alimtazama machoni akasema, "Huyu ameua. Nani ameona?" Mtu mmoja akasema wazungu huandika kila kitu, na Atubga ana kitabu chake cha askari mfukoni. Akaitwa mwalimu wa misheni akisome. Mwalimu akasoma mbele ya ukoo mzima, wanawake na watoto wamekaa: Atubga, mchukuzi, aliutupa mzigo wake namba arobaini na moja mbele ya adui, akajificha. Viboko kumi na viwili. Hastahili nishani yoyote.

Mtu mmoja alicheka. Atubga angeanzia wapi kusema alikuwa wapi, bila kusema alifanya nini?

"Siwezi," Mzee Nyaaba akasema. "Macho naweza kuyasoma vibaya. Nikimwosha mtu ambaye hakuua, dawa inarudi kwangu."

Tangu siku hiyo, kwenye misiba wanaume wa ukoo waliposhika pinde kucheza ngoma ya wauaji, yeye alisukumwa nje ya duara. Mara mbili alirudi kwa nguvu, na mara zote mbili watu walibebwa wameumia.

Mwaka aliomvunja Teni mkono ndio mwaka ambao wazungu walikuwa wanajiandaa kuondoka. Tangazo lilipigwa sokoni: askari wa zamani ambaye kitabu chake kina kosa akipeleke ofisi ya wilaya kabla ya mwisho wa Februari. Baada ya hapo vitabu vyote vinafungwa kwenye masanduku na kupakiwa melini.

Baba akamwambia mdogo wake, "Mzee Nyaaba alikataa kwa sababu ya karatasi. Karatasi ikibadilika, hana tena sababu. Twende."

Mlangoni mwa ofisi alikuwepo tarishi aitwaye Bayor, Mdagaaba, na Wadagaaba ni watani zetu sisi Wafrafra, utani wa nyama ya mbwa. Alipotuona tu akasimama.

"Wafrafra! Mmekuja kushtaki, au mmesikia Bwana Mkubwa ana mbwa mnene?"

"Tumesikia kichwa mmeshakila nyinyi," baba akasema. "Tumefuata kiwiliwili."

"Mbwa hana kiwiliwili akishapita mikononi mwa Mfrafra. Ana mkia tu. Ingieni, watumwa wangu, futeni miguu."

Ndani alikaa karani mmoja wa kusini, Ofosuhene, kijana mwenye miwani. Alikifungua kitabu akakisoma, akamtazama Atubga.

"Mzee, unasema hapa pana uongo. Siku hiyo wewe ulifanya nini?"

"Waulize waliokuwepo."

"Kwani wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi sema."

Atubga akatazama ukuta. Karani akangoja, akaitua kalamu mezani kwa hasira. "Nimeona wengi wanaodai nishani kwa mambo ambayo hawakuyafanya. Huyu anadai, na hataki kusema anadai kwa lipi!"

"Mwache, karani," Bayor akasema kutoka mlangoni, na safari hii hakuwa anatania. "Hawa mambo hayo hawayasemi. Hata kwetu hayasemwi."

Karani akapumua. Alieleza kwamba faili la kikosi cha Atubga lina barua ya ofisa mmoja, Kapteni Hallam, aliyoandika akiwa hospitali: kwamba mchukuzi mmoja ambaye hakulijua jina lake aliwaua Wajapani wa bunduki ya rashasha na kumbeba yeye mgongoni. Barua ilikuwa imelala humo miaka yote, haina mwenyewe. "Nileteeni mtu aliyeona kwa macho yake, wa kikosi kilekile. Aweke dole gumba mbele ya Bwana. Bila huyo mtu, mimi sina la kufanya."

Mtu huyo alikuwepo, na kila mtu alimjua. Azubire wa Sakoti, kijiji cha ng'ambo ya korongo. Aliondoka siku moja na Atubga, wakabeba mizigo pamoja. Siku za soko alivaa nishani zake mbili na kukaa kwa mama muuza pombe ya mtama, watu wakimnunulia.

Tulimkuta hapo hapo. Baba akamsalimu vizuri, akamweleza. Azubire akalipuliza povu kwenye kata yake.

"Mianzi ilikuwa minene, kaka," alisema. "Sikuona kitu. Na huyu ndugu yako kitabu chake kimesomwa. Kibaya chake anakitaka kiwe kizuri, hilo naelewa. Lakini mimi si mfua nguo."

Waliokuwa karibu wakacheka. Atubga akasema, polepole, "Namba arobaini na moja ilikuwa kichwani kwa nani?"

Azubire alimrushia kata usoni. Hatukuona Atubga anainuka. Tulimwona tu ameshamkamata Azubire kisogoni, anamburuta kwenye jiko la nje ambako pombe ilikuwa inachemka, na anamwinamisha uso juu ya chungu. Mvuke ulimpiga Azubire, akapiga kelele kama ndama. Mama mwenye pombe alimpiga Atubga mwiko wa mgongo, hakusikia. Wanaume watano walimvuta. Walipofanikiwa kumtoa, sikio la Azubire lilikuwa limegusa ukingo wa chungu na ngozi imebaki hapo.

"Afe hivyo hivyo!" Azubire alilia, ameshika sikio. "Afe anakula na mizimu yake! Sisemi! Nikatwe ulimi, sisemi!"

Tulipokaribia nyumbani baba alimgeukia mdogo wake. "Umeyamaliza sasa," akamwambia. "Umeyamaliza kabisa."

Kesho yake Teni hakuonekana. Alikuwa ameondoka alfajiri na chungu chake cha kupikia, mkono bado kwenye vijiti. Alikwenda Sakoti, akakifudikiza chungu mbele ya lango la Azubire, akakaa kando yake. Kwetu mwanamke akifudikiza chungu mlangoni kwa mtu, anasema: kwako ndiko kulikozuia moto wangu. Nyumba hiyo haipiki kwa amani.

Siku ya kwanza Azubire alimtukana. Siku ya pili alitoka akakipiga chungu teke kikavunjika, na kigae kikamchana Teni mguu. Teni alivikusanya vigae kwa mkono mmoja, akavifudikiza kimoja kimoja, akakaa tena. Damu ilimkaukia mguuni. Siku ya tatu mama yake Azubire, kikongwe asiyeona vizuri, alitoka akipapasa ukuta na kusimama langoni.

"Azubire," aliita. "Mke wa mtu amekaa mlangoni kwangu siku tatu hajala. Anataka nini?"

"Anataka niseme uongo, mama."

"Mlikwenda watatu Burma. Wewe, mwenzio huyo, na mdogo wako Ayine. Mkarudi wawili. Mimi sijawahi kukuuliza mwanangu alikufaje. Miaka kumi na moja nimekunyamazia. Usinifanye nianze kuuliza leo."

Azubire akaingia ndani, akatoka amevaa shati lake la askari, bila nishani.

Mbele ya Bwana Mkubwa, mzungu wa wilaya, Azubire aliongea amesimama, Bayor anatafsiri, karani anaandika. Baba na Atubga walikuwa wamekaa kwenye benchi la nyuma, nasi wengine tulikuwa dirishani.

"Sisi hatukupewa bunduki," Azubire alisema. "Tulipewa mapanga ya kukatia njia, na kila mzigo una kibati cha namba. Siku hiyo shingo yangu ilikuwa imevimba, na wangu ulikuwa mzigo wa makombora. Atubga akaniambia, lete huo, chukua wangu, betri ni nyepesi. Tukabadilishana. Namba arobaini na moja ilikuwa ya kwake, lakini ilikuwa kichwani kwangu."

"Endelea," Bwana akasema.

"Rashasha ilianza ng'ambo ya kijito. Waliokuwa mbele walianguka kwa pamoja. Kapteni alipigwa paja, mfupa ukatoka nje. Mdogo wangu alipigwa tumbo. Mimi niliutupa mzigo nikaingia kwenye mianzi. Niliutupa mimi. Huyu hakuutupa wake. Aliutua chini kwa mikono miwili, kama mtu anatua mtoto, akalala kifudifudi akaanza kutambaa. Nikamwona ametokea nyuma yao. Wa kwanza alimkata hapa, kichwa kikaning'inia na ngozi. Wa pili alikuwa ameshika mkanda wa risasi. Akakata mkono, na mkono ukabaki umeshika mkanda, kisha akamkata uso, mara mbili, mara tatu, sijui. Wa tatu walishikana wakaangukia kijitoni na panga likapotea. Akamkalia mgongoni, akamkandamiza uso kwenye matope mpaka miguu ikatulia. Ikatulia, na yeye bado amekaa."

Bayor alikuwa ameacha kutafsiri. Bwana akamgonga kiwiko, naye akatafsiri, na Azubire akaendelea.

"Halafu akambeba Kapteni. Jioni wakaja kutuuliza, nani aliua? Nani alitupa arobaini na moja? Naye akanyamaza, kwa masharti ya kuoshwa. Mimi nikanyamaza kwa woga. Wakamlaza juu ya pipa, wakamchapa kumi na viwili, mimi nikiwa mstarini. Nilikuwa nahesabu."

"Watu wangapi aliwaua?" karani akauliza.

"Watatu."

Akaweka dole gumba. Aliporudi nyuma alipita mbele ya benchi, na Atubga hakuinua kichwa.

Karatasi ilirudi kutoka kusini siku sita kabla masanduku hayajafungwa, pamoja na kijisanduku. Karani aliisoma kwa sauti. Kosa limefutwa. Viboko vimeandikwa kuwa vilitolewa kwa makosa. Nishani ya ushujaa vitani, kwa kuwaua adui watatu kwa panga na kumwokoa ofisa wake.

"Viboko vimefutwa!" Bayor alisema. "Mfrafra, geuka tuone kama makovu yametoka."

Baba alicheka mpaka machozi. Atubga aliuliza kitu kimoja tu.

"Wameandika wangapi?"

"Watatu, mzee. Kama alivyosema shahidi."

Hakukigusa kijisanduku. Baba ndiye aliyekibeba.

Mzee Nyaaba aliisikiliza karatasi, akataka na shahidi aje kusema mwenyewe. Siku ya kuosha ikawekwa. Asubuhi Atubga alikaa juu ya jiwe nje ya boma, kifua wazi. Pembeni walilala kanga watatu, miguu imefungwa, wa nyumba yetu. Azubire akaja na fimbo yake ya kutembelea, sikio bado na kidonda, akasimama mbele ya Mzee Nyaaba.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Wangapi?"

"Watatu."

Mzee Nyaaba akachota maji yenye dawa kwa kata, akammwagia Atubga kichwani, kifuani, mikononi. "Maji yamekugusa," akasema. "Kinywa chako kimefunguka. Watatu hawa, unawakubali?"

"Nawakubali," Atubga alisema. "Lakini ni wanne."

Mzee Nyaaba akashusha kata. "Karatasi inasema watatu."

"Karatasi imesemwa na mtu aliyekuwa kwenye mianzi. Wa nne ndiye aliyetangulia. Ayine."

Nilimwona Azubire anaikamata fimbo yake kwa mikono miwili.

"Utumbo ulikuwa mikononi mwake," Atubga akasema, anaitazama mikono yake. "Alikuwa anapiga kelele, na kila akipiga kelele rashasha inageukia kwetu. Sikuweza kupita. Nilimziba mdomo. Akaning'ata kiganja, kovu hili hapa. Nikamkaba mpaka akaisha, ndipo nikatambaa."

"Alikuwa anasema nini?" Azubire akauliza.

"Ulikuwa hatua kumi. Ulisikia."

"Alikuwa anasema nini!"

"Alikuwa anakuita wewe. Kaka, kaka. Basi."

Azubire alimpiga fimbo ya bega na mfupa wa mtulinga ukalia. Akampiga ya kichwa, damu ikaruka hadi kwenye kanga. Baba akainuka, lakini Mzee Nyaaba akamzuia kwa mguu. "Kaa. Ukiingia humo na wewe utahitaji kuoshwa." Azubire alipiga mgongo ule ule wenye makovu, akapiga mbavu, fimbo ikakatika, akapiga kwa ngumi. Na yule mtu ambaye mkewe alivunjwa mkono kwa kupita nyuma yake, alikaa juu ya jiwe mikono magotini, hakuinua hata kidole. Teni alikuwa amejiziba uso kwa nguo. Azubire alipiga mpaka akachoka, akabaki ameinama, anahema, vidole vimechubuka.

"Umemaliza?" Mzee Nyaaba akamuuliza.

Azubire akatema mate pembeni.

"Basi nisikilize. Watatu wale ni wageni, kanga wao wanatoka nyumba hii. Wa nne ni mtu wetu. Kanga wake anatoka kwao marehemu, akitolewa kwa hiari. Asipotolewa, hata hawa watatu siwachinji, na huyu nitamwacha kama alivyo. Siwezi kukulazimisha. Uamuzi ni wako na wa nyumba yako."

Azubire aliokota kofia yake akaondoka, akashuka korongoni kuelekea Sakoti, hakuaga.

Tukangoja. Mzee Nyaaba alikataza mtu yeyote kumfuta Atubga damu. Nzi wakaja. Bega moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine. Jua likapanda, likapita utosini, kanga wakaacha kupiga mabawa, na baba alianza kusema kwamba haji, huyu haji tena, nani angekuja.

Waliotokea korongoni walikuwa wawili. Azubire alikuwa anamwongoza mama yake kwa mkono, na kanga alikuwa kwapani kwa mama. Walikuja taratibu, maana bibi alikuwa anatafuta njia kwa mguu. Alifikishwa mbele ya jiwe.

"Wewe ndiye Atubga?"

"Ndiye, mama."

"Alikufa haraka?"

"Hapana, mama."

Bibi alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa alichokuwa anakijua. Akampapasa Atubga uso, akafika penye damu, akatoa mkono. Kisha akamkabidhi Mzee Nyaaba kanga.

Mzee aliwachinja wote wanne juu ya jiwe, wa Ayine kwanza. Nyama ikachomwa papo hapo, ugali wa mtama ukaletwa, bakuli moja, kwa sababu muuaji na watu wa marehemu lazima wale pamoja siku hiyo. Bibi alimega wa kwanza. Atubga akafuata, kwa mkono uliobaki mzima, vidole vinakwepa bakulini kwa kukosa mazoea ya kukutana na vidole vya watu.

Azubire alikaa ameinamia miguu yake muda mrefu, chakula kinapoa. Hakuna aliyemhimiza. Mwishowe akanyoosha mikono iliyochubuka bila kumtazama mtu, na Teni akamnawisha.